Somo Chini ya Mwembe: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Nje ya Darasa kwa Ajili ya Ustawi na Ari ya Wanafunzi wa Sekondari

Mwalimu yeyote aliyefundisha shule ya kutwa jijini Dar es Salaam analijua darasa la saa nane mchana. Bati limeshika joto tangu asubuhi, madawati yamebanana, na mwanafunzi aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala kutoka Chanika au Mbagala Rangi Tatu ameegemeza shavu kwenye kiganja, macho yakiwa wazi na akili ikiwa imekwishaondoka. Wengi wetu huiita hali hiyo uvivu. Mimi pia niliiita hivyo kwa miaka mingi, mpaka muhula mmoja ambao paa la darasa letu lilikuwa likikarabatiwa, nikalazimika kuwahamishia wanafunzi wangu chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya maabara. Wale niliowahesabu kuwa wazito ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza maswali, na baadhi yao nilizisikia sauti zao kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mwenye wanafunzi wengi, bajeti ndogo na ratiba iliyojaa. Hauzungumzii ziara ya mwisho wa mwaka yenye basi la kukodi na michango ya wazazi, ingawa ziara nazo nitazigusa mbele. Unazungumzia kipindi cha kawaida, chenye mada ya kawaida iliyomo katika muhtasari wa somo, kinachohamishiwa uwanjani mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na kurudiwa mpaka kiwe jambo la mazoea. Nchini Denmark walimu wengi hufanya hivyo hivyo, wakiitenga nusu siku au siku nzima ya ratiba kwa masomo ya nje, na kinachowapa mafanikio ni ule mrudio, kwa maana mwanafunzi anayetoka nje mara moja kwa mwaka huiona siku hiyo kuwa sikukuu, ilhali anayetoka kila wiki huanza kuiona kuwa ni sehemu ya kujifunza kwake.

Kwa nini nje

Wanasaikolojia wa Marekani Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba umakini tunaoulazimisha, kama ule wa kufuatilia ubao kwa saa kadhaa, huchoka kama msuli unavyochoka, na kwamba majani yanayotikisika, ndege na mwanga wa kivulini huuvuta moyo taratibu bila kuulazimisha, hivyo umakini ule uliochoka hupata nafasi ya kupumzika. Wenzao Edward Deci na Richard Ryan walionyesha kwamba ari inayotoka ndani ya mtu hustawi anapopata mambo matatu: nafasi ya kuamua jambo mwenyewe, hisia kwamba anaweza kazi aliyopewa, na uhusiano mwema na wale anaofanya nao kazi. Ukiyatazama mambo hayo matatu kisha ukalitazama darasa la wanafunzi 70 waliokaa wakielekea upande mmoja wakinakili, utaona kwamba hakuna hata moja linalopata nafasi ya kutosha.

Kuna na mwili wenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na shirika hilo hilo linakadiria kwamba duniani kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hapa kwetu kijana wa namna hiyo mara nyingi hatambuliki, kwa kuwa hapigi kelele wala hatoroki. Anakaa kimya tu, na sisi tunamsifu kwa utulivu.

Hatua ya kwanza: tenganisha nje na adhabu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu juhudi nyingi njema. Mwulize mwanafunzi wa sekondari mara ya mwisho alipotolewa nje ya darasa ilikuwa kwa sababu gani, na huenda akakujibu kwamba ni kufyeka, kuokota taka, au kupiga magoti juani kwa sababu ya kuchelewa. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 ilikusudia kazi za mikono ziwe sehemu ya heshima ya kujifunza, lakini mahali pengi fyekeo na jembe viligeuka kuwa vyombo vya kumtia mtoto adabu. Mwanafunzi aliyekulia katika mazoea hayo hatafurahi akisikia kwamba leo mnatoka nje. Atajiuliza amekosa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kipindi chochote, kaa na mwalimu wa nidhamu na walimu wa zamu, mkubaliane kwamba eneo mtakalolitumia kwa masomo halitatumika kwa adhabu ya aina yoyote. Kisha waeleze wanafunzi makubaliano hayo waziwazi. Wewe mwenyewe jizuie kusema kwamba wakipiga kelele hamtatoka, kwa sababu ukishakifanya kipindi cha nje kuwa zawadi inayonyang'anywa, umekirudisha kule kule kwenye viboko na magoti. Ukihitaji kumrekebisha mwanafunzi mmoja, mrekebishe huyo mmoja, na kipindi kiendelee.

Hatua ya pili: lijue eneo lako

Chukua daftari, ulizunguke eneo la shule peke yako saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita na saa nane, ukichora ramani ndogo inayoonyesha kivuli kilipo kila saa. Kazi hii hukamilika kwa siku moja na hukuepusha na aibu ya kuwapeleka wanafunzi mahali ambapo baada ya dakika 20 patakuwa na jua kali. Mwembe, mwarobaini, mkungu na mjohoro hutoa kivuli kizuri. Mnazi haufai kabisa kukaliwa chini yake, kwa kuwa dafu likianguka hakuna atakayeliona likija. Katika msimu wa maembe chagua mti mwingine, au kaeni pembeni ya matawi.

Angalia pia kilichomo mtini na chini yake. Miembe mingi ya Pwani ina maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na kikundi kilichokaa chini ya kiota chao hakitajifunza chochote. Tafuta nyuki, siafu na upupu kwenye ua na vichaka. Sikiliza kelele za barabara, mashine za kusaga na karakana za jirani, kwa maana sauti yako nje haina ukuta wa kuirudisha.

Shule nyingi za katikati ya jiji hazina mti hata mmoja. Hapo tumia kivuli cha jengo: asubuhi kivuli huangukia upande wa magharibi, mchana huhamia mashariki, na ghorofa moja hutosha madarasa mawili kwa saa kadhaa. Wakati huo huo pandeni miti. Mwarobaini hukua upesi na huvumilia ukame, na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakiupanda na kuutunza wanaweza kuuona ukiwapa kivuli kabla hawajamaliza Kidato cha Nne.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam hulemea na unyevu huzidisha uchovu, basi vipindi vya nje viwe vya asubuhi kabla ya saa nne. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uwe na andalio la pili la ndani kwa ajili ya mvua. Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora, na anayeanza jambo hili kwa mara ya kwanza aanze katika miezi hiyo.

Hatua ya tatu: chagua mada inayodai nje

Usitoke nje ili kufundisha kile kile ambacho ungekiandika ubaoni. Jiulize: uwanja huu una kitu gani ambacho darasa halina? Kusawazisha milinganyo ya kikemia kubaki ndani. Vipimo, takwimu, mfumo wa ikolojia, udongo, ramani, pembetatu zinazofanana na uandishi wa insha za maelezo vyote vinadai kitu cha kuonwa na kushikwa. Pitia azimio lako la kazi la muhula, uweke alama kwenye mada 5 au 6 tu, kisha uandike andalio kamili la kila moja kama unavyoandika andalio lolote, lenye lengo, shughuli na tathmini. Mkaguzi akikuta darasa tupu, andalio hilo ndilo litakalosema kwa niaba yako.

Hatua ya nne: ruhusa, maji na afya

Kwa kipindi kinachofanyika ndani ya uzio, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wakifahamu inatosha, pamoja na walimu wa madarasa yanayopakana na eneo lenu, ambao wana haki ya kujua kwamba kutakuwa na sauti dirishani. Wazazi waelezwe katika kikao. Wengi wataogopa kwamba mtoto anacheza badala ya kusoma, na dawa ya hofu hiyo ni kuwaonyesha daftari lenye kazi iliyofanyika nje.

Afya inahitaji uangalifu zaidi, na hapa nitasema kosa langu. Mwezi Februari mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi uwanjani saa sita kupima umbali, bila kuuliza hali zao na bila ndoo ya maji. Binti mmoja mwenye selimundu alipatwa na maumivu makali ya miguu na mgongo, akakimbizwa hospitalini. Alipona, lakini nilijifunza jambo ambalo mama yake angeniambia kwa dakika moja kama ningemwuliza, yaani kwamba joto na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu hayo. Tangu siku hiyo sitoki bila orodha.

Orodha hiyo iandaliwe kwa faragha, kwa msaada wa mwalimu wa afya na wazazi, nayo iwataje wenye selimundu, pumu, kifafa, mzio wa kuumwa na nyuki, na wenye ualbino. Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kivuli cha kweli wakati wote. Kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu pia, apewe kazi ya karibu kama kuchunguza majani kwa lenzi, na asiambiwe kusoma kibao kilicho mbali. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, isibaki kwenye begi darasani. Wasichana walio katika hedhi waweze kwenda msalani bila kuomba ruhusa mbele ya watu. Maji safi ya kunywa yawepo pale pale mlipo, na kila mmoja anywe kabla ya kuanza.

Hatua ya tano: kipindi cha kwanza

Tumia vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Siku moja kabla, gawa wanafunzi katika vikundi vya watu 6 au 7 na uvitangaze mapema, kwa sababu kugawana vikundi uwanjani hula nusu ya muda. Kila mwanafunzi awe na kazi yenye jina: kiongozi, mpimaji, mwandishi, msemaji, mtunza muda, mtunza vifaa. Majukumu hayo yabadilishwe kila mara. Mwanafunzi mkimya usimpe usemaji siku ya kwanza, na wala usimfiche katika utunzaji wa vifaa muhula mzima. Mwanzishe kwenye upimaji, ambako mkono wake utaonekana kuwa na maana kabla ya ulimi wake.

Dakika 10 za mwanzo mbaki darasani, mwandike swali la siku na kukubaliana mipaka ya eneo. Dakika 5 zinazofuata mnatoka na kusimama duara, na hapo mnajaribu ishara za filimbi: mlio mmoja wote wananyamaza na kukutazama, milio miwili wote wanarudi kwenye duara. Rudieni mara tatu hata kama inaonekana ya kitoto, maana nidhamu yote ya nje imefungwa kwenye filimbi hiyo. Kisha dakika 40 za kazi ya vikundi, ambazo wewe huhutubii bali unapita, unasikiliza na kuuliza. Dakika 15 za kurudi kwenye duara, kila msemaji aseme jambo moja ambalo kikundi chake kimeliona na ambalo hakikulitegemea. Dakika 10 za mwisho ni za kukusanya vifaa, kuhesabu watu, kunawa mikono na kurudi ndani. Muhtasari uandikwe kipindi kinachofuata, vichwa vikiwa vimetulia.

Vifaa ni vichache: kamba yenye fundo kila baada ya mita 1, vipande vya maboksi vigumu vya kuandikia juu yake, rula, chupa tupu, chokaa ya unga ya kuchora mipaka, na mikeka au magunia ya kukalia. Usimlazimishe mtu kukaa chini kwenye vumbi kwa sare anayoifua kila jioni.

Masomo matatu ya kuanzia

Hisabati ya vivuli ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu jibu lake hushtua. Simika fimbo ya urefu wa mita 1, pima kivuli chake, kisha wakati huo huo pima kivuli cha mnazi au nguzo ya bendera. Kivuli cha fimbo kikiwa mita 0.6 na cha mnazi mita 7.2, pembetatu zinazofanana zinatuambia kwamba mnazi una mita 12. Vikundi vitatofautiana, na hapo ndipo kuna elimu: kwa nini mmepata 11.4 na wenzenu 12.6? Kamba ililegea? Ardhi ina mteremko? Mlichelewa kupima kivuli cha pili? Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa amekosa hukuta kwamba kosa lake lina sababu inayotafutika, na sijaona kitu kinachorudisha imani ya kijana katika hisabati kama hicho.

Kwa baiolojia, kata kamba ya mita 4, ifunge ncha, itandazeni iwe mraba wa mita 1 kila upande. Kikundi kimoja kiweke mraba kwenye njia inayokanyagwa, kingine karibu na ua, kingine chini ya mti. Wahesabu aina za mimea na wadudu, wapige wastani, walinganishe. Mkimaliza, watazame kunguru. Ndege huyu, ambaye kila mwanafunzi wa Dar es Salaam anamwona tangu utotoni, asili yake ni Bara Hindi, na aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu. Mpe kila mwanafunzi dakika 15 za kumfuatilia kunguru mmoja na kuandika kila anachofanya, na mada ya viumbe vamizi itakuwa imejifundisha yenyewe.

Kwa lugha, mwanafunzi achague mahali pake pa kukaa, pale pale kila wiki, na aandike aya moja ya kile anachokisikia, si anachokiona. Kufikia wiki ya sita utaona sentensi ambazo hazijanakiliwa popote. Mwalimu wa kemia naye asijione ametengwa: juisi ya rosela isiyo na sukari hubadilika kutoka nyekundu katika asidi hadi ya kijani katika besi, na inaweza kutumika kupima maji ya majivu, limau na udongo uliolowekwa.

Mzigo wa lugha

Wanafunzi wengi wa shule za serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha huingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Ukimya tunaouona darasani, kwa sehemu kubwa, ni wa mtu anayejua jambo na asiyejua namna ya kulisema. Nje ya darasa mzigo huo unaweza kupunguzwa bila kuuharibu mtihani. Wakati wa dakika 40 za kazi, waache wajadili kwa Kiswahili kwa uhuru, wabishane, wakosoane. Kabla ya kurudi kwenye duara, kila kikundi kichague istilahi 5 zilizojitokeza na kutafuta Kiingereza chake kwenye kitabu, na msemaji azitumie katika taarifa yake. Istilahi inayokuja baada ya kitu kushikwa mkononi hukaa, kwa kuwa ina mahali pa kuning'inia. Atakayekosea matamshi asichekwe, na wewe ndiye unayepaswa kuwa wa kwanza kutocheka.

Kulea bila kuhojiana

Nje ya darasa vijana husema mambo ambayo hawangeyasema ofisini, hasa wanapotembea bega kwa bega au mikono ikiwa na kazi. Usiigeuze nafasi hiyo kuwa mahojiano. Weka desturi mbili ndogo tu. Ya kwanza ni dakika 5 za ukimya mwanzoni, kila mmoja amekaa peke yake, asiyetaka kufumba macho asifumbe. Ya pili ni matembezi ya wawili wawili kuuzunguka uwanja, mmoja akizungumza dakika 3 kuhusu jambo lililoenda vizuri au vibaya wiki hiyo huku mwenzake akisikiliza tu, kisha wabadilishane. Wapange wewe mwenyewe, asije akabaki mtu asiyechaguliwa na yeyote.

Ikitokea mwanafunzi akakwambia kwamba anapigwa, ananyanyaswa, halali kwa njaa au anafikiria kujidhuru, msikilize hadi mwisho, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, na mweleze ni nani mwingine anapaswa kujua na kwa nini. Mfikishe kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha siku hiyo hiyo. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na namba hiyo iandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Usitarajie kwamba kila mmoja atafurahi. Yuko anayeona haya kwa sababu viatu vimetoboka, yuko anayeogopa wadudu, na yuko aliyewahi kuumizwa mahali pa wazi. Wape kazi ya pembezoni mwa kikundi, karibu nawe, na uwaache wasogee kwa mwendo wao.

Kuvuka geti

Baada ya vipindi vinne au vitano ndani ya uzio, darasa lenye nidhamu ya filimbi linaweza kutoka. Hapa utahitaji barua ya mkuu wa shule, idhini iliyosainiwa na wazazi, kufuata utaratibu wa halmashauri yenu, na mtu mzima mmoja kwa kila wanafunzi wasiozidi 15. Kuvuka barabara ndiko hatari kubwa kuliko zote, zaidi ya nyoka na zaidi ya maji, basi chagueni njia yenye vivuko hata kama ni ndefu.

Shule za Ilala zinaweza kuunganisha Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, ambayo asili yake ni enzi za utawala wa Wajerumani, kwa asubuhi moja ya historia na baiolojia. Za Kinondoni na Ubungo ziko karibu na Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za msonge hufaa sana kupima mzingo na kipenyo na kuitafuta pai kwa kamba. Kwenye milima ya Pugu kuna Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Pugu Kazimzumbwi, na pale Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha hadi alipojiuzulu ualimu mwaka 1955, jambo ambalo wanafunzi hulisikia kwa namna nyingine kabisa wakiwa wamesimama mahali penyewe. Msitu huo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo ulizeni taratibu na viingilio mapema.

Mikoko ya Mbweni na Kunduchi ni darasa la peke yake. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mizizi juu ya tope kama penseli ili kupata hewa, na mbegu ya mkoko huota ingali mtini. Lakini ulizeni wavuvi saa za maji kupwa kabla ya kupanga, maana wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na maji hurudi upesi kuliko kundi la vijana 60 linavyoweza kuondoka topeni. Mwenye kifafa asiingie majini, na hakuna anayeogelea katika kipindi cha somo.

Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka milima ya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Salenda, unafundisha jiografia ya mafuriko kuliko picha yoyote. Uangaliwe kutoka darajani, maji yake yasiguswe. Kumbuka kwamba baadhi ya wanafunzi wako wanatoka bondeni, na kwamba mafuriko ya Desemba 2011 na mengine yaliyofuata yameondoa familia nyingi majumbani mwao. Waulizeni kwanza wenyewe, kwa faragha, kama wako tayari, na anayetaka kusimulia asimulie kama mtaalamu wa mto huo, kwa sababu ndivyo alivyo.

Kujua kama inasaidia

Kabla ya kipindi cha kwanza, wape wanafunzi karatasi isiyo na jina yenye maswali matatu: wiki hii ulitamani kuja shuleni siku ngapi, uliuliza au kujibu swali mara ngapi, na kuna mtu hapa shuleni unayeweza kumweleza shida yako? Rudia maswali hayo baada ya wiki 6 na baada ya wiki 12. Linganisha mahudhurio ya siku yenye kipindi cha nje na ya siku nyingine. Wiki mbili baada ya kila mada, toa maswali 5 ya kuikumbuka, kwa mada za nje na za ndani sawasawa. Matokeo yakionyesha kwamba mada fulani ilieleweka vizuri zaidi ndani, irudishe ndani bila kinyongo. Usimwahidi mkuu wa shule wala mzazi kwamba alama za Kidato cha Nne zitapanda. Mwahidi kile unachoweza kukionyesha, yaani daftari, mahudhurio na karatasi zile tatu.

Unapopanga kalenda ya mwaka, zipe nafasi tarehe mbili. Karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba jua hupita wima kabisa juu ya Dar es Salaam, takriban saa sita na dakika 35 mwezi Machi na saa sita na dakika 10 mwezi Oktoba. Kwa dakika chache fimbo iliyosimama wima haitakuwa na kivuli. Hicho ndicho kipindi pekee cha saa sita ninachokiruhusu: wanafunzi wakae kivulini, fimbo pekee iwe juani, na wachache watoke kwa zamu kupima mpaka kivuli kitakapowapotea.